Unataka kununua Porsche 918 Spyder? Soma hapa kwanza kabla hujatuma hata senti

Kazi yangu ni umeme wa magari, zile gari za volti kubwa, na nafanyia huku Ujerumani upande wa Stuttgart. Miaka ya karibuni nimeitwa mara kadhaa kwenda kukagua Porsche 918 Spyder kwa niaba ya mtu anayetaka kununua, mara nyingi ni mtu wa Dubai au Muscat ambaye hawezi kupanda ndege kila dalali akimpigia simu. Na kila mara maswali yanaanza na mbio, ina nguvu kiasi gani, inafika mia kwa sekunde ngapi. Jamani, hayo majibu ni yale yale kwa kila moja, nguvu farasi 887, sifuri hadi mia sekunde 2.6, spidi ya juu 345 kwa saa. Kinachofanya moja iwe mali na nyingine iwe mzigo ni betri na makaratasi, basi. Naandika kwa yule ambaye pesa anayo kweli, na pia kwa vijana wetu kule Ghuba wanaosimamia gereji za mabosi, maana siku bosi akisema nitafutie 918 unatakiwa ujue pa kuanzia.

Jua kwanza unanunua nini

Mwaka 2013 zilitoka gari tatu ambazo wakusanyaji mpaka leo wanazitaja pamoja kama ndugu wa tumbo moja. LaFerrari ya Maranello kule Italia, McLaren P1 ya Woking kule Uingereza, na hii 918 ya Zuffenhausen hapa Stuttgart. Zote ni haibridi, yaani injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, lakini usidhani umeme wake ni sawa. LaFerrari ina V12 ya lita 6.3, mota inaongeza nguvu tu na hakuna mahali pa kuchomeka waya wa chaji, inajichaji yenyewe ukiwa barabarani, coupe, zile zenye paa lisilofunguka, zilitengenezwa 499 alafu ikaongezwa moja ya 500 iliyouzwa mnadani Desemba 2016 kwa dola milioni 7 kusaidia waliopatwa na tetemeko la ardhi Italia. P1 zipo 375, V8 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, unaichomeka, ila betri yake ni ndogo, 4.7 kWh.

918 ndo yenye umeme mwingi kuliko wenzake. Betri 6.8 kWh, mota mbili, moja mbele inavuta tairi za mbele, nyingine nyuma imekaa pamoja na injini ya V8 ya lita 4.6 isiyo na turbo ambayo inapanda mpaka mizunguko 9,150 kwa dakika, injini yenye damu ya gari la mashindano la RS Spyder. Zilitengenezwa 918 tu, kuanzia Septemba 2013 mpaka Juni 2015. Mwezi ule ule wa kuanza, tarehe 4 Septemba, dereva Marc Lieb akaizungusha Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 6 na sekunde 57.

Ndani ya hizo 918 kuna makundi mawili. Ya kawaida, na ile yenye Weissach Package ambayo imepunguzwa karibu kilo 41, ina rimu za magnesiamu na vipande vya kaboni faiba visivyopakwa rangi. Marekani bei ya kuanzia ilikuwa dola 845,000 na Weissach ukaongeza 84,000 juu. Leo soko linalipa zaidi kwa Weissach, na mimi nakubaliana nalo, lakini ukiniwekea Weissach yenye historia ya mashaka na ya kawaida yenye historia safi, nachukua ya kawaida bila kufikiria mara mbili.

Mpya au iliyotumika?

918 mpya haipo tena, hilo liko wazi. Ila kuna watu wananiambia kwa nini nisinunue ya kizazi kipya kiwandani. Jaribu, lakini ujue mlango ulivyo. McLaren W1 zilipangwa 399 na zote zilishapata wenyewe wakati inatangazwa Oktoba 2024. Ferrari F80 ni 799 na wanaopewa ni wateja wa siku nyingi ambao Ferrari wanawajua kwa majina. Huwezi kutokea tu na pesa. Alafu mara nyingi unasaini karatasi kwamba hutaiuza ndani ya muda fulani, na wanafuatilia kweli, mwanamieleka John Cena alishtakiwa na Ford mwaka 2017 kwa kuuza Ford GT yake mapema mno. Kwa hiyo kwa mtu anayeanza, gari ya 2013 mpaka 2015 ndo njia iliyo wazi.

Piga hesabu yote, usiishie kwenye bei ya gari

Kosa la kwanza la watu ni kuangalia bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Ile ni ndoto ya muuzaji. Angalia bei ambazo gari zimeuzwa kweli kwenye minada mikubwa kama RM Sotheby's au Bonhams, zinawekwa wazi, na uzilinganishe kwa kilomita, Weissach au hapana, na ziliuzwa nchi gani. Ukiona bei ya mnada jiulize kama ada ya mnunuzi imo ndani, kwa sababu juu ya bei ya nyundo, ile mnada uliyofungia, kuna asilimia 10 mpaka 12 hivi, na kwenye gari ya mamilioni hiyo ni nyumba nzima.

Juu ya hapo weka ukaguzi, mwanasheria, usafiri wa lori lililofungwa, bima, ushuru, sevisi ya kwanza, na seti ya tairi. Tairi ni Michelin Pilot Sport Cup 2, mbele inchi 20 nyuma inchi 21, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Porsche zina alama ya N pembeni. Nimekuta gari ina kilomita 3,000 na tairi bado zina kashata lote, zinang'aa, lakini ukisoma tarehe ubavuni ni zile alizotoka nazo kiwandani. Hizo ni za kutupa, mpira umeshakuwa mgumu kama kandambili ya zamani. Alafu weka akiba ya betri. Siwezi kukupa namba moja kwa sababu inategemea nini kimekufa, lakini kama bei ya betri ya volti kubwa itakuumiza basi hii gari bado, subiri.

Kutafuta: namba ya chesisi kabla ya yote

Dunia ya hizi gari ni ndogo sana. Gari moja unaweza kutumiwa na madalali wanne, kila mmoja anasema "ni yangu, iko off market", yaani haijatangazwa hadharani, bei tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona. Dawa yake ni namba ya chesisi. Inaanzia na WP0, na herufi ya kumi inakwambia mwaka wa modeli, E ni 2014 na F ni 2015. Dalali asiyeweza kukupa namba yote pamoja na barua ya mwenye gari inayomruhusu kuuza, mshukuru na ukate simu. Wala usitume kianzio ili "akushikie". Hapo ndo watu wanalizwa.

Ukishapata namba, peleka kwa Porsche wenyewe, kwenye kituo kinachohudumia 918, uulize historia ya sevisi na kama kazi zote za kuitwa kiwandani, yaani pale kampuni inapoita gari zirudi kurekebishwa kasoro, zimefanyika, maana hizi gari ziliwahi kuitwa kwa mambo ya mikono ya suspensheni na nyaya za feni za rejeta. Kama mojawapo ilirukwa ina maana kuna mwenye gari alikuwa hapokei barua, na mtu asiyepokea barua ya usalama nakuhakikishia hata betri hakuiangalia.

Makaratasi

Kwa gari iliyoko Ujerumani unataka kuona karatasi mbili za usajili, sehemu ya kwanza inayokaa na dereva na sehemu ya pili ambayo mwenye gari ndo anakaa nayo, hii ya pili iwe ya asili na isiwe imeshikwa na benki. Uingereza kuwa makini, ile V5C, karatasi yao ya usajili, inaonesha nani anaitunza gari na sio nani anaimiliki, kwa hiyo lazima utafute kama kuna deni juu yake. Marekani soma title, ile hati ya umiliki, vizuri, neno salvage, yaani gari iliyohesabiwa kuwa imeharibika kabisa, likiwepo popote kwenye historia, funga faili.

Kitu kingine kinachosahaulika ni VAT. Ulaya kuna gari inayouzwa na VAT inayoonekana kwenye risiti, na kuna inayouzwa kwa mfumo wa faida ya muuzaji ambapo VAT haionekani. Kama unaipeleka nje ya Umoja wa Ulaya, ile ya kwanza unaweza kurudishiwa VAT ukishaleta ushahidi wa forodha kwamba imetoka, na Ujerumani hiyo ni asilimia 19. Ya pili hurudishiwi kitu. Gari mbili bei moja, tofauti yake kumbe ni mamia ya maelfu ya euro. Uliza swali hili siku ya kwanza kabisa.

Alafu hesabu vilivyokuja na gari: funguo zote, vitabu, kifuniko, na chaja yake na waya. Niliwahi kwenda kukagua gari safi mno, muuzaji anasema chaja "ipo nyumbani kwa mwenye gari", nikauliza sasa hapa mnaichaji na nini, kimya. Ilikuwa haijachajiwa tangu iletwe pale, miezi mitano. Tukaachana nayo.

Siku ya ukaguzi

Nenda mwenyewe au mtume mtu anayekula kwako, sio anayekula kwa muuzaji. Omba gari iwe imelala usiku mzima bila kuwashwa.

Sasa, 918 ikiwa na chaji ya kutosha inaamka kimya. Unazungusha ufunguo upande wa kushoto wa usukani kama Porsche zote, skrini zinawaka, na hakuna mlio wowote, ipo kwenye E-Power, yaani inatumia umeme tu. Hapo ndo mtihani wako wa kwanza. Kama unawasha asubuhi na V8 inalipuka papo hapo, uliza kwa nini, inawezekana ni betri imeachwa chini tu na inawezekana ni zaidi ya hapo. Ikiamka kimya iendeshe taratibu kwa umeme, sikiliza mbele, mota ya mbele iwe na mluzi mwembamba ulio sawa, usiwe na mkwaruzo. Alafu zungusha kile kiswichi cha mviringo kwenye usukani uende Hybrid, halafu Sport Hybrid. Injini inawaka na mabomba yake ya moshi yametokea juu, nyuma ya kichwa chako kabisa, sauti ile ukishaisikia hutaisahau, lakini usiache ikupumbaze, macho yawe kwenye skrini, kuna onyo lolote? Kubadilishana kati ya umeme na injini kusiwe na mshtuko.

Bodi na chesisi ni kaboni faiba, na hapa mafundi wengi wa rangi wanajidanganya. Kile kipima rangi cha kawaida kinasoma juu ya chuma au aluminiamu, juu ya kaboni hakikupi jibu, unahitaji cha ultrasonic. Fungua vifuniko vya chini uangalie sakafu kwa tochi, pitisha kidole kwenye kona, tafuta nyuzi zilizochanika au sehemu yenye gundi ya rangi tofauti. Gari hii iko chini sana, matuta inayajua. Mkwaruzo wa plastiki ya mbele sio kesi, mpasuko kwenye kaboni inayobeba gari ni kesi kubwa.

Diski za breki ni seramiki, tafuta kingo zilizomeguka, kale kapande kadogo kanakotoka mtu akigonga rimu wakati wa kubadili tairi. Bei yake itakuondolea usingizi.

Mwisho, chomeka mashine ya PIWIS, ile ya Porsche wenyewe ya kusoma kompyuta ya gari. Itakupa masaa ya injini, na rekodi ya ni mara ngapi injini ilipelekwa kwenye mizunguko ya juu kabisa. Linganisha masaa na kilomita. Gari ina kilomita chache na masaa mengi ya injini inakwambia ilikuwa inawashwa tu kwenye maonesho inaunguruma imesimama, na hiyo kwangu ni mbaya kuliko ile iliyotembea.

Betri: hapa usiharakishwe na mtu

Betri ina seli 312, inapozwa kwa maji, na iko katikati ya gari kati ya abiria na injini. Porsche walitoa waranti ya miaka 7 kwa hiyo betri. Hesabu mwenyewe, gari ya mwisho ilitoka 2015, kwa hiyo ile waranti ya mwanzo imeisha kwa kila gari. Kuanzia sasa betri ni yako.

Unachotaka kwenye ripoti sio asilimia ya chaji, hiyo hata kwenye dashibodi ipo. Unataka volti za seli moja moja. Zote zikiwa zimekaribiana, vizuri. Moja au mbili zikibaki nyuma ya wenzake, hizo ndo zitakazoivuta betri nzima chini, kama safari ya kundi inavyoenda kwa mwendo wa mgonjwa. Chukua usomaji mara mbili, gari ikiwa imepumzika na tena baada ya kuiendesha, alafu linganisha. Muuzaji akisema "mashine imeonesha iko sawa" mwambie akutumie karatasi yenyewe yenye tarehe na namba ya chesisi.

Kipimo cha mtu wa kawaida ni hiki: ichaji mpaka mwisho, iendeshe E-Power mjini taratibu, hesabu kilomita mpaka injini iwake yenyewe. Ilipokuwa mpya Porsche walisema kati ya kilomita 16 na 31 kulingana na uendeshaji. Ukipata 9 kwa mguu mwepesi siku isiyo na baridi, kuna tatizo.

Na tafadhali, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse na usimruhusu fundi wa mtaani aziguse. Hapo kuna zaidi ya volti 300. Mimi nikifungua pale navaa glovu zilizopimwa, nakata umeme, nafunga kufuli, nasubiri, alafu ndo napima kuhakikisha hakuna kitu kabla sijaweka mkono. Nikiona kifuniko cha huko kina alama za bisibisi na hakuna risiti ya kituo kinachotambulika, ukaguzi wangu unaishia hapo hapo.

Kama unalinganisha na LaFerrari, Ferrari mwaka 2024 walitangaza mpango wa waranti kwa haibridi zao ambapo betri inabadilishwa mwaka wa 8 na wa 16. Ulizia kama gari unayoitaka imo au inaweza kuingizwa, hilo linabadilisha hesabu nzima.

Mkataba na kulipa

Mkataba uandike namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita, orodha ya vilivyomo, matokeo ya betri kama kiambatisho, na kifungu kwamba ukaguzi ukileta kitu kikubwa pesa inarudi. Pesa ikae kwa mwanasheria mpaka gari na karatasi ya umiliki vikutane mkono mmoja. Benki itakuuliza pesa imetoka wapi, andaa hayo mapema, nimeona dili limekufa kwa sababu karatasi za chanzo cha pesa zilichukua wiki tatu na mnunuzi mwingine alikuwa tayari. Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe uhakikishe akaunti, sio namba iliyokuja kwenye barua pepe.

Bima ianze dakika ile umiliki unapohama, na iwe ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, sio ya "bei ya soko", kwa sababu gari inayouzwa mara chache duniani soko lake mtabishana mpaka mchoke.

Kusafirisha

Ndani ya Ulaya, lori lililofungwa lenye lifti ya nyuma inayolala bapa. Kwa ndege au meli lazima itangazwe kama mzigo hatari wa daraja la 9 kwa sababu ya betri na mafuta, wakala akikwambia "tutaandika gari tu" mbadilishe. Uliza betri iwe na chaji kiasi gani wakati wa safari na nani ataangalia kama meli itachelewa.

Emirati na Oman ushuru wa forodha ni asilimia 5 alafu VAT asilimia 5, lakini uliza kwa maandishi kama umri wa gari unakubalika kusajiliwa, maana hizi zina zaidi ya miaka 10 sasa. Marekani ile ya toleo la Ulaya haiingii kirahisi, kuna sheria kwamba gari isiyotengenezwa kwa soko la kule isubiri ifike miaka 25, na ruhusa maalumu ya gari za maonesho ikipatikana inakubana maili 2,500 kwa mwaka, kwa hiyo wa kule anunue iliyouzwa kule. Na kwa ndugu zangu wa Kenya wanaoniuliza, uagizaji wa kawaida unataka usukani wa kulia na gari isiyozidi miaka 8, 918 ina usukani wa kushoto tu na umri umeshapita, kwa hiyo ukiinunua ikae Dubai au Ulaya uwe unaenda kuiendesha huko.

Ikishafika

Kwenye gereji kavu, yenye hewa isiyo na joto kali, na hapo Ghuba namaanisha kiyoyozi kinachofanya kazi Julai na Agosti hata bosi akiwa safarini. Tundu la chaji liko kwenye nguzo ya katikati upande wa abiria. Chomeka, na betri ndogo ya volti 12 iwe na chaja yake ya kuitunza, maana ikifa hiyo ndogo gari yote inakufa ganzi na hapo ndo watu wanaanza kuvuta vitu kwa nguvu. Mara moja kila wiki tatu nne itoe, iendeshe nusu saa, kilomita za mwanzo kwa umeme alafu injini ipate joto kamili, sio kuwasha dakika mbili na kuzima. Andika tarehe, kilomita, na chaji kwenye daftari linalokaa kwenye gari, mnunuzi wa baadaye atalilipia hilo daftari.

Na nafasi ya sevisi iombe siku ile ile unayosaini mkataba, usisubiri gari ishuke kwenye meli, kwa sababu mafundi walioidhinishwa kufungua betri ya 918 ni wachache na foleni yao ni ndefu.